Angesimama, Angepona

Juma lililopita nilikuwa napiga picha za harusi katika bustani moja kando ya ziwa. Bibi harusi alitaka mishumaa iwashwe kabla ya kuanza kula. Upepo ulikuwa unatoka majini. Msichana aliyepewa kazi hiyo alikwangua kiberiti, kikazimika. Akakwangua kingine, nacho kikazimika, na ule moshi wake mwembamba ukanijia puani. Niliteremsha apareyi yangu ya picha kifuani na kuomba kiti. Bwana harusi alidhani nina njaa, akaniletea sambusa mbili kwenye karatasi. Nilimshukuru. Sikuwa na namna ya kumweleza, siku ya furaha yake, kwamba harufu ya kiberiti kinachozimika hunirudisha upande wa Lac Vert, nje ya mji wa Goma, asubuhi moja isiyo na upepo hata kidogo, nikiwa na miaka kumi na minne na apareyi ya kuazima shingoni.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Goma mnakumbuka vakansi kubwa zilivyokuwa. Shule ikifungwa, wengine walipelekwa Butembo kwa nyanya zao, wengine walikaa sokoni na mama zao, na sisi wa karibu na Kituku tulichota maji ziwani mpaka mabega yakawa na alama za bidoni. Mwaka ule barabara ya Butembo haikuwa nzuri, na papa, baba yangu, alikataa kabisa nipande lori lake. Alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe na viazi, anakwenda na kurudi, na alijua kilichokuwa njiani. Basi mama alisikia kanisani kwamba kuna kolonii ya vakansi katika uwanja wa shule moja ya Himbi: ngoma, maigizo, kuchora, na foto. Hakuna malipo, na saa sita wanakula. Akaniandikisha siku hiyohiyo. Nilitaka ngoma, lakini ngoma ilikuwa imejaa. Nikawekwa foto.

Kabla sijaenda mbele ni lazima niseme juu ya yaya Kambale, kaka yangu mkubwa. Alifariki nikiwa na miaka sita. Alikuwa amemsindikiza papa kwenye barabara ya Sake, gari likaharibika karibu na Lac Vert, na wakamrudisha nyumbani akiwa amefunikwa blanketi ya kijani. Hakuwa na kidonda. Nilimtazama mikono, nikamtazama miguu, sikuona damu popote. Nyumba ilijaa watu, na kila aliyeingia aliambiwa maneno yaleyale: "Mazuku imemubeba." Na shangazi yangu, dada ya papa, akiwa amekaa sakafuni na kitenge kichwani, alikuwa akirudia neno lingine, polepole, kama mtu anayehesabu: "Angesimama, angepona. Angesimama tu, mutoto huyu, angepona."

Hakuna aliyenieleza. Mtoto asipoelezwa hujieleza mwenyewe. Nilielewa kwamba Mazuku ni mtu, mzee fulani mrefu mwenye koti, anayetembea barabara ya Sake. Nilielewa kwamba alipita mbele ya kaka yangu, na kaka yangu akabaki amekaa chini bila kumwamkia. Kwetu mtoto anasimama mkubwa anapopita. Kambale hakusimama, basi mzee akakasirika, akambeba. Tangu siku hiyo nilisimama mbele ya kila mwanaume. Nilisimama kwa muuza mkate na kwa fundi wa redio. Kanisani nilisimama hata pale watu wote walipopiga magoti, mpaka mama akanivuta sketi. Watu walimsifu kwamba ana binti mwenye adabu. Haikuwa adabu, ilikuwa woga.

Baadaye, shuleni, mwalimu alitufundisha kwamba mazuku ni gazi inayotoka ardhini katika nchi yetu ya volkano, kwamba haina rangi, kwamba ni nzito na inalala mahali penye mabonde. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani na kupata pointi zote. Lakini gazi ya daftari na mzee mwenye koti walikaa kichwani mwangu kama wapangaji wawili wa nyumba moja ambao hawajawahi kukutana mlangoni. Na nyumbani hakuna aliyelitaja jina la Kambale. Papa akiwa mezani, hata neno Sake lilikuwa halisemwi.

Mwalimu wetu wa foto aliitwa Monsieur Dieumerci. Alitoka Kinshasa, mrefu, mwembamba, anavuta sigara moja baada ya nyingine, na Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na Lingala hivi kwamba tulicheka kila alipofungua mdomo, naye akacheka pamoja nasi. Apareyi zilikuwa chache, kwa hiyo tuligawanywa wawiliwawili. Mimi nilipewa mwenzangu Solange.

Solange alitoka milima ya Masisi. Baba yake alikuwa na ng'ombe huko kabla hawajakimbia vita. Sasa yeye alikuwa anakaa Goma kwa mama yake mdogo. Siku zile watu wazima walikuwa na mazoea ya kuulizana mtu anatoka wapi kabla ya kuulizana habari, na sisi watoto tulikuwa tumeyaokota mazoea hayo bila kujua maana yake. Juma la kwanza hatukuongea ila kugombania zamu. "Umepiga ingi, lete." "Sijamaliza." "Lete, nakuambia!" Mbaya zaidi, alikuwa anapiga picha vizuri kuliko mimi. Monsieur Dieumerci alikuwa na fundisho moja alilolirudia kila asubuhi huku akipiga makofi: "Chini, batoto! Chini! Foto inaanza kwa magoti!" Na Solange alishuka. Alilala kwenye majivu meusi ya volkano pale uwanjani kwa tumbo, hakuogopa nguo, akapiga picha ya kuku akaonekana mkubwa kama nyumba. Mimi nilibaki wima. Magoti yalikataa.

"Kavira," Monsieur aliniambia siku moja mbele ya wote, "wewe unapiga kama mutu anapita njia. Shuka kidogo. Dunia haitakukula."

Solange alicheka. Nilimchukia siku nzima. Mwisho wa kolonii kulikuwa na maonyesho, na picha moja tu ingechapwa kubwa na kuwekwa mlangoni, na kila mmoja alijua itakuwa ya nani.

Asubuhi ile tulipanda minibasi, sisi wa foto na wasichana wa ngoma waliobeba vitenge vyao vipya vya kuchezea. Tuliambiwa tunakwenda kupiga picha nje ya mji, basi. Dereva alipokata kuingia barabara ya Sake, nilishika kiti cha mbele yangu. Niliuliza tunakwenda wapi, na msichana mmoja akajibu kwa furaha, "Lac Vert!" Niliangalia dirishani. Papa alikuwa Butembo, mama alikuwa sokoni, hakuna aliyejua niko wapi. Nilijaribu kujiambia kwamba mimi ni mkubwa, kwamba niko pamoja na watu, kwamba ni mchana. Lakini macho yangu yalikuwa yakitafuta pembeni mwa barabara mtu mrefu mwenye koti.

Kulikuwa na baridi. Moshi wa majiko ya watu haukupanda juu, ulilala juu ya mashamba kama shuka. Tuliteremka kwenye gari, tukatembea kwenye mawe meusi mpaka mahali ambapo ardhi ilikuwa imeingia ndani kama bakuli, kubwa kama darasa, kina chake kinampita mtu mzima. Ndani yake majani yalikuwa ya kijani kuliko mahali pengine pote, na jua lilikuwa limeanza kuyapiga kwa ubavu. Monsieur Dieumerci alisimama ukingoni akashika kichwa.

"Angalieni mwanga huo! Solange, shuka. Zamu ni yako?"

"Ni yangu," Solange akasema haraka, kabla sijafungua mdomo.

"Basi, shuka. Kavira, wewe hupendi kushuka, chukua ya kwangu." Akanivalisha apareyi yake mwenyewe, ile yenye lensi ndefu. "Baki hapa juu, nipigie mwenzako akiwa kazini."

Solange aliteremka akiruka jiwe kwa jiwe. Niliweka jicho kwenye apareyi na kuvuta lensi mpaka uso wake ukawa karibu nami. Kando yangu Monsieur alikwangua kiberiti, akawasha sigara, akatupa kijiti bondeni kikiwa bado kinawaka. Kijiti kilipita mbele ya lensi yangu. Nilikifuata nikibonyeza bila kufikiri, kwa mazoezi tu, jinsi alivyotufundisha kufuata ndege. Moto wake ulikuwa mzuri, mdogo, wa njano. Kisha, kabla hakijagusa chochote, ukazimika. Haukupeperushwa, maana hapakuwa na upepo. Ulizimika tu, kama mtu ameubana kwa vidole. Moshi wake mweupe haukupanda. Ulitandaa pale hewani kama umewekwa juu ya meza.

Nilisogeza lensi chini ya moshi huo, nikabonyeza tena. Kwenye majani kulikuwa na ndege mdogo amelala ubavu. Pembeni yake mwingine. Na vipepeo, mabawa yamefungwa, kama karatasi zilizomwagika.

Solange naye alikuwa amewaona. Alipiga magoti mbele ya yule ndege.

"Bien!" Monsieur akapaza sauti. "Ndiyo vile! Chini tena, Solange!"

Akashuka tena. Akalala kwa tumbo, apareyi usoni. Nikabonyeza. Picha ilikuwa nzuri, nakwambia, nzuri kwa namna inayouma: mwanga, majani, mgongo wake wa blauzi ya bluu.

"Chini kabisa! Usitikisike!"

Hakutikisika. Aliteremsha shavu taratibu mpaka likakaa juu ya apareyi, kama mtoto kwenye mto. Mkono wake wa kulia ukafunguka, vidole kimoja kimoja. Wasichana wa ngoma wakacheka. "Angalia, amelala!" mmoja akasema. "Solange, usingizi haukutosha?"

Ni hapo sauti ya shangazi yangu iliponirudia, kutoka sakafu ya matanga, baada ya miaka ile yote. Angesimama, angepona. Na kwa mara ya kwanza niliyasikia maneno hayo kama yalivyosemwa. Shangazi hakuwa anasema juu ya adabu. Alikuwa anasema juu ya urefu. Kaka yangu hakumkosea mtu. Alikuwa ameinama.

"Monsieur!" nilipiga kelele. "Ni mazuku! Monsieur, mazuku!"

Aligeuka, sigara mdomoni, uso umejaa mshangao. "Mazuku ni nani?"

Aliuliza *nani*, kama mimi nilivyouliza moyoni nikiwa na miaka sita. "Haiko mutu!" nililia. "Ni hewa! Ni hewa mubaya, iko chini! Anakufa!"

Hakungoja nimalize. Alitupa sigara akaruka bondeni kwa miguu yake mirefu, nami nikimpigia kelele, "Usiiname! Monsieur, usipumue!" Alifika kwa Solange, akainama, akamshika mabega, na nikaona kifua chake kinavuta pumzi kubwa, pumzi ya mtu aliyekimbia. Akaanguka goti moja. Akamwachia. Akasimama akiyumba kama mlevi, akapanda ukingo wa upande mwingine kwa mikono na magoti, akalala pale akikohoa, hawezi kusema hata neno. Dereva alikuwa amebaki garini, mbali. Wasichana walikuwa wanalia wote kwa pamoja.

Sijui nani alinipa sauti niliyokuwa nayo. "Leteni vitenge! Mufunge! Funga na funga, nguvu!" Wakavipiga mafundo, kitenge kwa kitenge. Nilivua apareyi ya Monsieur, na kamba ya kwanza nikajifunga kiunoni. Ya pili nikaishika. "Nikiinua mukono, muvute. Nikianguka, muvute. Mutu yeyote asishuke."

Sikuwa shujaa. Kuna kitu kimoja tu nilichokijua kuliko wao wote: kushika pumzi. Watoto wa Kituku tulishindana kuzamia chini ya mitumbwi na kutoka upande wa pili, na mama zetu wakatupiga kwa ajili hiyo. Nilisimama ukingoni, nikavuta hewa, nikaitoa, nikavuta tena mpaka mbavu zikauma, nikafunga mdomo. Kisha nikashuka.

Mtu anayetazama picha za bonde lile leo hawezi kuona kitu. Ndiyo maana nasema. Hakukuwa na ukungu wala harufu. Lakini nilipofika katikati, macho yalianza kuwasha, na ncha ya ulimi ikawa chachu, na puani kukapanda ule mchomo wa soda iliyonywewa haraka. Nilikuwa sijapumua, na bado iliingia. Niliweka kidevu juu. Miguu ilimpata Solange kabla ya macho. Sasa ilibidi nipige magoti.

Miaka minane nilikuwa nimekataa kupiga magoti. Nilipiga.

Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Nilipitisha kitenge chini ya kwapa, fundo la kwanza likateleza. La pili likashika. Nikamvuta, hakusogea. Nikavuta tena. Mkanda wa apareyi, uliokuwa shingoni mwake, ulikuwa umenasa kwenye mzizi. Moyo ulikuwa ukipiga masikioni, mapafu yakiniomba, yakiniamuru. Kila kitu ndani yangu kilitaka kufungua mdomo. Nikauvua mkanda juu ya kichwa chake, nikaacha apareyi pale, nikainuka wima na kunyoosha mkono juu kadiri nilivyoweza.

Walituvuta kama watu wanaotoa mtumbwi majini. Mawe yalitukwangua wote wawili. Nilipumua pale tu mikono ya watu iliponishika nywele na blauzi, na hewa ile ya baridi ya barabara ya Sake, yenye moshi wa kuni, ndiyo tamu kuliko chochote nilichowahi kuweka mdomoni.

Solange hakupumua. Monsieur Dieumerci alikuwa amezunguka ukingo akitambaa, macho mekundu. Alimgeuza, akamfungua kola, akampulizia mdomoni, akasema maneno ya Lingala ambayo yalikuwa sala au matusi, sijui. Akampulizia tena. Wanawake waliokuwa shambani walikuja mbio na majembe yao. Mmoja alimshika miguu, mwingine alimpigapiga mgongoni. Na Solange akakohoa. Akatapika chai yake ya asubuhi kwenye viatu vya Monsieur, akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja kama watu asiowajua.

"Apareyi iko wapi?" akauliza.

Nikaanza kulia, na sikunyamaza mpaka tukafika kituo cha afya.

Siku chache baadaye papa alirudi kutoka Butembo. Mama alikuwa ameogopa siku hiyo kuliko mimi. Alimwambia mlangoni, kabla hajavua koti, na mimi nikiwa nyuma ya pazia. Papa hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti, akaweka mikono juu ya magoti. Mchana huo Monsieur Dieumerci alikuja nyumbani kwetu mwenyewe, amevaa shati safi. Alikuwa ameamua kufunga kazi ya foto na kurudi Kinshasa.

"Papa Kambale," alianza, kwa sababu mtu fulani mtaani alikuwa amemwelekeza kwa jina hilo la mtoto wake, jina ambalo hakuna aliyelitumia tena mbele ya papa. Mama alishika mdomo. "Nimekuja kuomba radhi. Nilipeleka batoto mahali sikujua. Sikuuliza. Ningeuliza."

Papa alimwonyesha kiti. "Unayo picha ya pale?"

Monsieur akampa apareyi, akamwonyesha pa kubonyeza. Papa alipita picha zangu moja moja: moto wa kiberiti, ndege, blauzi ya bluu. Nilitoka nyuma ya pazia, nikasimama karibu na mlango.

"Haiko pale," akasema hatimaye. "Ilikuwa mbele, karibu na barabara. Lakini majani ni yaleyale." Alirudisha apareyi mezani taratibu. "Mimi nilikuwa chini ya gari. Nikamutuma alete mawe ya kuzuiya magurudumu. Nikamwambia fanya mbio. Alikawia. Nikaenda, nikamuona ameinama kwenye mawe, nikafikiri anacheza. Nikamukaripia." Akatazama viganja vyake. "Nilishuka kumubeba, miguu ikakataa. Nikamuacha. Nikapanda juu kupumua, nikashuka tena, nikamuacha tena. Mara ya tatu nilimutoa."

Nilikuwa nimeishi naye nyumba moja maisha yangu yote, na siku zote nilidhani amemkasirikia Kambale.

"Papa," nikasema, "mimi nilifikiri Mazuku ni muzee. Nilifikiri yaya alikatala kumusimamia. Kusalimia."

Aligeuza kichwa. "Unasema nini?"

"Shangazi alisema angesimama angepona. Mimi nikafikiri ni adabu."

Uso wake ulifanya kitu ambacho sijawahi kukiona tena. "Ndiyo maana unasimama-simama? Hata mimi nikiingia kuchukua chumvi?" Nikaitikia kwa kichwa. Alicheka, sauti moja fupi, kisha bega lake likaanza kutetemeka na mama akaja kusimama nyuma yake. Monsieur Dieumerci alikuwa anatazama ukutani. Papa akapangusa uso kwa kiganja, akamgeukia.

"Wewe usirudi Kinshasa," akamwambia. "Kesho nitakuja kuongea na batoto wako."

Nilifikiri hatakuja. Lakini asubuhi alivaa shati la kanisani, na tukapanda pikipiki moja, mimi katikati. Uwanja wa shule ulikuwa umejaa: ngoma, maigizo, wachoraji, wote. Solange alikuwa amerudi, kitambaa kichwani, bado anaumwa kichwa, amekaa mbele. Nilikwenda kukaa karibu naye. Alisogea kidogo ili nipate kivuli, akaniwekea mkononi apareyi yetu, ambayo watu wa kule walikuwa wameitoa mchana upepo ulipovuma. "Zamu ni yako," akasema.

Papa alisimama mbele ya watoto wale kama mtu anayesimama mbele ya hakimu. Hakuwa msemaji. Aliweka kiganja kwenye nyonga yake, kimelala kama meza.

"Hapa," akasema. "Kutoka hapa kupanda juu, unapumua. Kutoka hapa kushuka, kama ni asubuhi na upepo haiko, unalala. Hausikii kitu. Na ninyi ni wafupi kuliko mimi." Akashusha kiganja kidogo, akakiinua, akawaonyesha kwa mtoto mmoja, kisha kwa mwingine, mahali hewa inapoishia kwenye mwili wa kila mmoja: huyu kifuani, huyu shingoni, huyu mdogo juu ya kichwa kabisa. Mtoto yule mdogo alitazama juu ya kichwa chake kutafuta.

Nilipiga magoti kwenye majivu na kuupiga picha mkono ule, mkono wa papa juu ya kichwa cha mtoto wa watu. Ndiyo picha iliyochapwa kubwa mwisho wa kolonii. Solange ndiye aliyeichagua. Monsieur alimwachia yeye aamue.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Asubuhi ile, papa alipomaliza, nikadhani atachukua kofia yake aende sokoni. Solange aliinua mkono kama darasani.

"Papa, mutoto yako alikuwa anaitwa nani?"

Mama hakuwapo kuniokoa. Nilitazama chini.

"Kambale," papa akasema. Akavuta kiti cha mwalimu, akakaa. "Kambale alikuwa mutundu sana. Alikuwa anapenda ugali ya muhogo na samaki ya kukauka, na alikuwa anaimba vibaya." Watoto wakacheka. Papa akawatazama, akashangaa kidogo, akaendelea. Akaeleza siku Kambale alipofundisha mbuzi wa jirani kupanda lori. Akaeleza jinsi alivyokuwa akiniita mimi, dada yake mdogo, jina la kunitania ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau. Wapishi walikuja kusema chakula kiko tayari, na hakuna aliyeinuka. Maharagwe yalipoa kwenye sufuria, na papa alikuwa bado anaongea.